Chema chajiuza? Nachora matangazo ukutani, na mtoto wangu amekataa ngwaci (viazi vitamu)

FundiRangi_Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wanabaraza. Uzi ni mrefu. Asiye na subira ashuke chini moja kwa moja akatukane, akimaliza arudi asome.

Mimi ni fundi wa rangi, lakini si wa nyumba. Mimi ni wa kuta za maduka. Ukipita Umoja, Kayole au Githurai hapa Nairobi ukaona duka limevaa kijani au manjano kutoka msingi hadi mabati, jua kuna mtu kama mimi aliyeshinda kwenye ngazi shingo imempinda. Kampuni inaleta rangi, mwenye duka anapata ukuta msafi wa bure na jina lake dogo pale juu, kanjo, yaani askari wa jiji, wanakuja kuuliza leseni, nami nalipwa kwa ukubwa wa ukuta. Ufundi nilirithi kwa mjomba. Yeye alikuwa mchoraji wa matatu, tena wa kutafutwa, hadi sheria za marehemu Michuki, waziri wa uchukuzi, zilipoanza 2004 na magari yakaambiwa yafute michoro, yavae mstari wa manjano. Mjomba akabaki na brashi na njaa. Ndipo akahamia kwenye kuta, nami nikamfuata nikimbebea makopo.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa haikuwa kuchora. Ilikuwa kufuta. Sheria ya tumbaku ya 2007 ilikuwa imekataza matangazo ya sigara, tukatumwa kufunika kuta zilizobaki. Tukapaka nyeupe mara tatu. Mvua ya Aprili ikanyesha, herufi zikarudi. Tukapaka tena, zikarudi tena, hafifu, lakini ukijua kilichokuwa pale unazisoma vizuri tu.

Sasa kisa chenyewe. Binti yangu yuko gredi ya pili. Mwezi jana alirudi nyumbani mkebe wake ukiwa umejaa kama ulivyotoka: ngwaci mbili, hata maganda hayajaguswa. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza kulikoni. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mzee huruma, akasema, "Baba, hiyo ni chakula ya ushago." Yaani ya kijijini. Nani kasema? "Kila mtu." Anachotaka ni mkate uliopakwa siagi, na juisi ya pakiti yenye mrija.

Kinachonichoma ni hiki. Kwenye njia ya shule yao kuna ukuta wa manjano wa kampuni moja, na juu yake mtoto anacheka ameshika kipande cha mkate. Yale mashavu niliyachanganya rangi kwa mkono wangu. Nilikuwa nimekosa ule mng'aro wa shavu la mtoto, nikarudi nyumbani usiku nikamwangalia huyu huyu binti yangu amelala, asubuhi nikaupata. Mamake alipokumbuka hilo alicheka hadi akakaa chini. "Kula ulichochora," akaniambia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye maduka nao husema biashara ni matangazo. Nimekuwa nikiishi kwa huo msemo wa pili huku nikiheshimu wa kwanza. Lakini ngwaci ni chema, watu wa afya wanatuambia kila siku, na haijajiuza hata kwa mtoto aliyeizoea tangu ameota meno.

Wengi tunafikiri tangazo hufanya kazi hivi: linamkuta mtu peke yake, linamdanganya, anatoa pesa. Siku hizi sikubali. Ule ukuta uko pale tangu mwaka juzi, na mtoto amekuwa akiupita kila asubuhi huku anakula ngwaci yake kwa raha zake. Kilichobadilika si ukuta. Ni dawati. Muhula huu amekaa na watoto wengine.

Kwa hiyo nasema: tangazo haliongei na wewe. Linaongea na wenzako, ili wakuangalie.

Kuna msimamizi mmoja alinifunza hili bila kujua. Tulikuwa tunatafuta ukuta Kayole. Mimi nilitaka ule wa kichochoroni kwa sababu hapo watu hupita wengi kutoka alfajiri. Akakataa, akachukua wa steji ambao ni mdogo na ni ghali zaidi. Sababu yake? Kichochoroni kila mtu anapita na lake, macho kwenye matope. Steji watu wamesimama pamoja wakingoja gari, kila mmoja anaona kwamba mwenzake pia ameona. Nilidhani ananizungusha tu. Sasa najua alikuwa anaelewa kazi kuliko mimi.

Chukua bia. "Bia yangu, nchi yangu." Hapo hakuna neno hata moja la ladha. Lakini mezani wote mmelisikia, kwa hiyo anayeagiza kitu kingine ndiye anayetakiwa kujieleza. (Na hiyo Tusker yenyewe ilipewa jina la ndovu baada ya George Hurst, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni, kuuawa na tembo mwaka 1923. Tunakunywa tanzia ya Mzungu tukiita uzalendo. Haya, tuendelee.)

Au chukua lugha. Mama anamtuma mtoto "niletee Colgate," mtoto analeta Close-Up, na hakuna aliyekosea. Viatu tunapaka Kiwi hata kama kopo limeandikwa kingine. Nguo nyeupe tunatia Jik ya chupa isiyo na jina. Hapo hakuna mtu aliyedanganywa. Mama amemfundisha mtoto kuongea, na kampuni ilikuwa imeshakaa mdomoni.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni la baba, si la msomi. Nimpe mkate yaishe, au nishikilie ngwaci?

Kijana_wa_125

Mpe mkate buda. Uzi umeisha.

MamaWatatu_Tassia

Haujaisha. Na wewe Kijana ngoja uzae.

Fundi, pole, lakini naona unajitoa lawama kijanja. "Si ukuta, ni dawati." Hao watoto wa dawati nao walitoa wapi? Kila mtoto akisema ameyatoa kwa mwenzake, tutazunguka darasa zima hadi turudi kwa mashavu yako.

Halafu si kila tangazo ni adui. Mimi nimejua kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha mtoto kutokana na redio, si kwa mama mkwe. Hata vile visachi vya kadogo vya sabuni mnavyovicheka: nikiwa na shilingi kumi nafua, na mwanangu anaenda shule shati jeupe sawa na wa mwenye gari. Usiniambie hapo nimedanganywa.

Ila nakukubali kwa jambo moja. Mnakumbuka "wacha mpango wa kando"? Miaka ile ya 2009 hivi, redio, televisheni, kila mahali, watu waogope ukimwi waache michepuko. Ikawaje? Kabla ya hapo jirani yangu alikuwa mzinzi. Baada ya hapo akawa na mpango wa kando. Neno lilikuja kukemea, likafika likawa la heshima, lina mzaha ndani yake, unaweza kulisema mbele ya shemeji. Kisha Machi 2013 wakaleta lile la kuweka kondomu mpangoni, viongozi wa dini wakapiga kelele, likaondolewa hewani. Walilalamikia kondomu, lakini mpango wa kando ulikuwa umeshapata uraia.

Bint_Kisauni

Nacheka na mpango wa kando 😂 dada umesema kweli.

Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi Nairobi mwaka wa sita. Fundi anaposema tangazo linaongea na wenzako nikakumbuka kanga. Nyie wa bara mnaona ni nguo ya kupikia. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini. Sasa jiulize jina linakaa wapi ukijifunga. Nyuma, huku chini. Anayevaa halioni! Amelipia maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyasoma mpaka avue. Ni ya jirani, ni ya mke mwenza, ni ya wifi. "Japo sipati tamaa sikati", haya, nani ameambiwa? Yeye mwenyewe anajijua. Nyanya yangu alikuwa na sanduku zima la kanga za chapa ya "Mali ya Abdulla", za duka la Kaderdina pale Mombasa, na alichagua ya kuvaa kulingana na nani atakuwepo harusini, si kulingana na rangi.

Na nyakati za kampeni wanasiasa nao huchapisha zao. Wanajua.

Jambo la pili, malezi. Nilipofundwa, kungwi hakunifundisha peke yangu chumbani. Walikuwepo mashangazi, mama wadogo, mashoga wa mama. Nusu ya yale mambo nilikuwa nayajua. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa wote walijua kuwa nimeambiwa. Siwezi tena kusema sikujua.

FundiRangi_Umoja

Bint, hiyo ya jina la kanga kukaa nyuma umeniua. Nimeoa mwanamke mwenye kanga kumi na sijawahi kufikiri hivyo. Jioni nitazisoma zote, huenda nimekuwa nikitumiwa barua miaka yote hii.

MamaWatatu, sijitoi. Nimesema mashavu nilichora mimi.

Mwalimu_Buruburu

Nimefundisha miaka mingi, sasa nimestaafu, na wanangu wananikataza kuandika marefu. Leo hawapo.

Fundi, ulichosema kuhusu dawati kilishapimwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Solomon Asch, aliwaweka wanafunzi wa chuo chumbani akawaonyesha mistari. Swali lilikuwa la kitoto: upi kati ya hii mitatu una urefu sawa na huu? Ujanja ni kwamba wote chumbani walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, na hao waliopangwa walijibu kwa sauti, kwa pamoja, jibu la uongo. Yule mmoja ndiye aliyekuwa akipimwa. Mtu akiwa peke yake karibu hakosei kabisa. Akiwa na kundi linalosema uongo, karibu theluthi ya majibu yake yalifuata uongo huo, na katika kila watu wanne, watatu walifuata angalau mara moja. Hakuna aliyewauzia kitu. Hakuna aliyewatisha. Macho yao yalikuwa mazima.

Wengine walipoulizwa baadaye walisema waliona wazi kwamba kundi limekosea ila hawakutaka kuonekana kichekesho. Wengine walianza kweli kuyashuku macho yao. Binti yako anaweza kuwa wa kundi la kwanza: huenda bado anapenda ngwaci.

Na kuna sehemu ya jaribio ambayo watu huisahau, nayo kwangu ndiyo tamu. Asch alipoweka chumbani mtu mmoja tu anayesema ukweli, yule anayepimwa akapata nguvu na makosa yakashuka mno. Mmoja alitosha. Si lazima darasa zima lile ngwaci.

Kwa MamaWatatu: umeuliza watoto wa dawati walitoa wapi. Swali zuri. Uswidi tangu 1991 hawaruhusu matangazo ya televisheni yanayolenga watoto walio chini ya miaka 12. Jimbo la Quebec kule Kanada walianza mapema zaidi, 1980. Kwa hiyo wapo waliokubaliana nawe hadi wakaandika sheria. Kwetu, anayelinda mtoto na bango ni mzazi, naye yuko kazini.

Kijana_wa_125

Mwalimu hiyo yote ni sawa lakini mnasahau ile kitu ya picha za siri. Kuna mtu alisema kwenye sinema wanaweka maneno yanapita haraka, jicho halioni lakini akili inashika, unajikuta unanunua soda bila kujua. Hiyo ndio wanatumia. Si dawati.

Mwalimu_Buruburu

Kijana wangu, hadithi hiyo ni ya James Vicary, 1957, mtu wa utafiti wa masoko Marekani. Alidai alipitisha maneno ya "kula bisi" na "kunywa Coca-Cola" kwenye sinema huko New Jersey, kwa muda mfupi kuliko kupepesa, na mauzo yakapanda. Dunia ikashtuka. Wengine walipojaribu hawakupata kitu, na mwaka 1962 mwenyewe akakiri kwamba hakuwa na matokeo ya maana. Alikuwa na biashara ya ushauri inayodorora, akahitaji kujulikana. Yaani lile lilikuwa tangazo lake mwenyewe, na wewe ndiye umelileta hadi hapa miaka zaidi ya sitini baadaye, bila malipo.

Kijana_wa_125

😂😂😂 mwalimu umenimaliza. Nimekaa.

Gikomba_Kamera

Nauza mitumba, kamera tu, yaani zile za kwanza kuchaguliwa bandali ikifunguliwa. Nawapa ushahidi mmoja halafu narudi kazini. Fulana mbili, pamba ileile, moja ina nembo kifuani na nyingine nembo iko ndani ya kola. Ya kifuani inaondoka kabla ya saa tatu asubuhi kwa bei ninayotaka. Ya kola nabembeleza hadi jioni. Mteja hajawahi kuniuliza inadumu miaka mingapi.

Sonara_RiverRoad

Jirani yangu wa Gikomba nakuunga mkono na dhahabu yangu.

Mimi ni sonara. Zamani vijana walikuja kununua pete mbili za ndoa, basi, biashara imekwisha, soda moja. Ya kuposa haikuwepo. Kuposa ni wazee, ni mbuzi, ni ruracio (mahari), ni kubishana hadi jioni. Sasa anakuja peke yake, anaangalia nyuma kama mwizi, anataka pete yenye jiwe, na ananiuliza jiwe linang'aaje kwenye simu. Atapiga goti mahali penye watu, mara nyingi maduka makubwa au mkahawani, na rafiki ameshajificha na kamera.

Nani alimfunza? Si babake. De Beers, wale wa almasi, waliajiri kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ya Marekani, na mwaka 1947 mwandishi wao Frances Gerety akaandika maneno manne ya Kiingereza yanayosema almasi ni ya milele. Ukiyatafakari ni maneno ya ajabu, maana kitu cha milele hakiuzwi mitumba, kwa hiyo sokoni hazirudi nyingi na bei inasimama. Na yaliunganishwa na kitu ambacho hakuna mama anayekipinga, ndoa idumu.

Ila hapa ndipo Fundi ana haki. Wengi wa vijana wangu hawana pesa ya almasi, na sijawahi kuwadanganya. Wanachukua jiwe la kutengenezwa la elfu chache, wanajua, na bibi harusi mara nyingi anajua. Hakuna aliyedanganywa kati yao. Anayetakiwa kuona almasi ni yule anayepitisha kidole kwenye picha.

Ruracio bado ipo, lakini. Wanafanya vyote viwili. Gharama imeongezeka mara mbili na mimi silalamiki.

Mzee_Kaloleni

Vijana mnaongea utadhani matangazo ni ya sabuni na pete tu. Mmesahau tangazo kubwa kuliko yote mliyoyaona, na halikuuza chochote.

Nilikuwa na watoto wa shule mwaka 1979, maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni ya Rais Moi, yalipoanza. Pakiti ya pembetatu, unaikata kona kwa meno. Mtoto alirudi nyumbani ameshiba, na kwake maziwa yale hayakutoka kwa ng'ombe wala kwa ushuru wangu. Yalitoka kwa Rais. Ukimwuliza nani anakupenda, alikuwa na jibu. Asubuhi paredi na kiapo cha uaminifu, jioni taarifa ya habari inaanza na Mtukufu Rais amefanya nini leo, hata kama amepanda mti tu. Na kila duka lilikuwa na picha yake ukutani. Fundi, hizo hazikuhitaji rangi yako. Mwenye duka aliinunua mwenyewe akaitundika juu kuliko saa, kwa sababu wateja wangeona pengo.

Sisi hatukuwa wajinga. Nyumbani tulinong'ona. Lakini hata mimi niliyenong'ona niliitundika. Ndiyo maana nasema hiyo ya steji ni kweli, kila mtu akiona kwamba mwenzake ameona.

Na upande mwingine wa shilingi: marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Tangu 1966 alikuwa na kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" Hakuuza kitu, hakutisha mtu. Alieleza tu: mtu amepanda basi, ananunua mahindi, anatupa bunzi dirishani, je, huu ni ungwana? Mnajua ilifanyaje? Ukiona mtu anatema mate njiani, mtu usiyemjua kabisa angesema kwa sauti ileile ya redio, "je, huu ni ungwana?" na wote mnacheka, na mtemaji anaona haya. Mzee mmoja kwenye redio alikuwa amewagawia watu wote sentensi moja ya kumkanya mgeni bila kupigana. Mimi sijui shule iliyofanya hivyo.

Mpwa_wa_Dar

Mkuu Mzee Kaloleni, shikamoo. Nimesoma kimyakimya kutoka huku Temeke, hii imenigusa. Endeleeni.

Kijana_wa_125

Wacha niseme kitu bila mzaha.

Mimi nilikuwa ndani ya kamari miaka minne. Watu wakisikia hivyo wanafikiri niliona bango nikaingia. Bango nililiona, ndio, na wachezaji wa mpira wakitabasamu, lakini sikuingia kwa bango. Niliingia kwa grupu la WhatsApp la wasee wa gari letu. Mmoja alituma picha ya mkeka wake, yaani orodha ya mechi alizobashiri, umekubali, elfu arobaini na kitu. Tulimpongeza siku mbili. Alikuwa akitununulia chai. Sasa fanya hesabu: grupu lilikuwa na watu karibu sitini, na picha za ushindi zilikuja moja au mbili kwa wiki. Za kupoteza hazikuja kamwe. Hata mimi sikuwahi kutuma yangu. Kwa hiyo kila siku nilikuwa naona watu wanashinda, na mtu pekee niliyemjua anayepoteza alikuwa mimi. Nikadhani ni mimi sijui kucheza.

Mwaka 2019 bodi ya kamari ilitangaza kuzuia mabango ya nje na kutumia watu maarufu. Na Aprili 2025 wakasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Televisheni ilinyamaza kweli, ilikuwa ni kama mtaa umepoteza umeme. Lakini grupu letu halikunyamaza hata siku moja.

Niliacha kwa sababu kondakta wangu, mzee fulani hivi mkimya, siku moja alitoa simu akanionyesha zake. Zote. Miezi na miezi ya kupoteza. Hakuniambia neno. Nilikuwa nadhani niko peke yangu.

Mwalimu_Buruburu

Kijana, huyo kondakta ndiye yule mmoja wa chumba cha Asch.

FundiRangi_Umoja

Kijana, asante kwa kusema hadharani. Na niseme langu pia: kuta za kamari nimechora. Mbili nililipwa kuzichora, kisha nikalipwa na mtu mwingine kuzifunika. Nyeupe, mara tatu. Mnajua mvua hufanya nini.

MamaWatatu bado ananidai jibu. Aliuliza watoto wa dawati walitoa wapi, na sijamjibu kwa sababu jibu silipendi. Walitoa kwetu. Jumapili niliangalia meza yangu wageni walipokuja. Mamake alichemsha ngwaci asubuhi, kisha mlango ulipobishwa nilijisikia nikimwambia, "Hizo weka jikoni, tuma mtoto mkate." Na aliyetumwa dukani alikuwa nani? Alienda mbio kabisa, na akarudi na ile ya manjano bila kuambiwa jina. Alikuwa ameshaelewa ipi ni ya watu na ipi ni ya jikoni. Kabla ya hilo dawati.

MamaWatatu_Tassia

Hapo sasa umeongea. Hata mimi nafanya hivyo, na nduma (magimbi). Wageni wakija nazificha kama chang'aa.

Bint_Kisauni

Kwetu ni mihogo 🙈

FundiRangi_Umoja

Wanabaraza, ripoti, kwa sababu kuna waliouliza pembeni.

Jumapili iliyofuata wageni walikuja tena, shemeji zangu wawili. Ngwaci zikakaa mezani, katikati, kwenye sahani ya maua. Mkate pia ulikuwepo, sikutaka vita. Shemeji mkubwa alichukua ngwaci kwanza, akasema hajala tangu aende ushago Krismasi, akachukua ya pili. Binti alikuwa amesimama mlangoni anaangalia mkono wa mjomba wake kama anayehesabu.

Kuhusu shule, nilifanya hila. Mwalimu alisema mmoja anatosha. Kwenye ploti yetu kuna mtoto wa gredi hiyohiyo, mamake anauza mahindi ya kuchemsha pale kona. Tulikubaliana na mamake: Jumatatu wako anabeba mahindi, wangu ngwaci, tuwaweke njia moja.

Jana nilimuuliza imekuwaje. Akasema, "Sawa tu." Nikauliza mmekula pamoja? "Tulibadilishana." Mkebe umekuwa ukirudi mtupu siku nne sasa, hata ganda hakuna. Nilifurahi sana mpaka leo asubuhi nilipompeleka mwenyewe, nikaona jinsi mbwa wa bawabu wa shule alivyonenepa, na jinsi alivyomkimbilia binti yangu akitikisa mkia.